Mlo wa mimea pekee na yanayomkabili mkazi wa Mwatate

MLO wa mimea pekee ni ule usio na nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Anayeufuata huitwa vegani, jina lililobuniwa nchini Uingereza mnamo 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama cha watu waliojitenga na mazao yote ya wanyama. Tangu 1994, Novemba 1 huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya walaji wa aina hii duniani.

Vegani ni tofauti na mla mboga wa kawaida. Wahindu na Waadventista wasiokula nyama, kwa mfano, wengi wao hunywa maziwa.

Mjini Mwatate, makao makuu ya Kaunti ya Taita Taveta, anayejaribu mlo huu hugundua mapema kuwa kupata chakula si kazi ngumu. Ugumu uko katika kikombe cha chai, katika karamu za jamaa, na katika vitamini moja ambayo shamba haliwezi kumpa.

Chakula kilichopo

Wataita wamekula mimea kwa vizazi vingi. Kimanga, chakula chao cha asili, hutengenezwa kwa kuponda muhogo, viazi vitamu au ndizi pamoja na maharage, kunde au mbaazi. Kikipikwa bila samli wala maziwa, hakina chochote cha kumkwaza vegani. Vivyo hivyo kwa githeri, na kwa sima inayoliwa kwa sukuma wiki, mnavu au mchicha.

Aidha, Mwatate iko mahali pazuri. Barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta hupitia hapo, na njia ya Wundanyi huchepuka papo hapo. Mboga hushuka kutoka milima ya Taita, ndizi hutoka Taveta, na nazi hupanda kutoka Pwani. Kwa hivyo, mahamri yaliyokandwa kwa tui na mbaazi za nazi ni kiamshakinywa kamili kwa mtu huyu.

Mazao ya wanyama yaliyojificha

Chai ndiyo mtihani wa kwanza. Katika nyumba na mikahawa mingi nchini, neno chai humaanisha chai ya maziwa. Asiyetaka maziwa hulazimika kuagiza turungi, na kutaja jambo hilo kabla sufuria haijatiwa maziwa.

Mtihani wa pili ni vitafunio. Mandazi huweza kuwa na mayai au maziwa, na baadhi ya siagi za kupaka huwa na maziwa ndani yake. Maharage ya mkahawani nayo huenda yameongezwa supu ya nyama ili yanoge. Ndiposa anayeufuata mlo huu hana budi kumuuliza mpishi, na kusoma kibandiko cha kila pakiti anayonunua dukani.

Mezani pa watu

Harusini, matangani na wakati wa kumpokea mgeni, kuchinja ni alama ya heshima. Mwenyeji aliyemkamata kuku wake kwa ajili ya mgeni huona uchungu sahani ikirudi haijaguswa, na huenda akadhani amedharauliwa. Wapo pia wanaomchukulia asiyekula nyama kuwa mtu aliyefilisika au mgonjwa.

Njia inayopunguza mvutano ni kumwarifu mwenyeji mapema, kwa adabu, na kujitolea kuleta chungu cha kimanga au cha mbaazi kitakacholiwa na wote. Neno la siku mbili kabla ya sherehe huzuia aibu mbele ya umati. Nyumbani nako, mpishi asiachiwe mzigo wa kuinjika sufuria mbili kila jioni. Mboga na maharage yakiandaliwa kwa familia yote, wanaotaka nyama wanaweza kuipika kando.

Vitamini B12

Hatari kubwa ya kiafya iko hapa. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, na binadamu huipata hasa kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Hata mlonge, unaosifiwa kwa wingi wa virutubisho, hauwezi kutegemewa kwa hili.

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, mjamzito 2.6 na anayenyonyesha 2.8. Ini huhifadhi akiba, hivyo upungufu unaweza kuchukua miaka kabla ya kujitokeza. Unapojitokeza huleta upungufu wa damu, uchovu, ganzi mikononi na miguuni, na usahaulifu. Madhara ya neva yakikawia kutibiwa huenda yasiondoke. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na vitamini hii huathirika haraka zaidi.

Tangu 2012, Kenya imewataka watengenezaji wa unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti kuuongezea vitamini na madini, B12 ikiwemo. Hata hivyo, familia nyingi hupeleka mahindi yao kwenye mashine ya posho, na unga huo hauongezwi chochote. Hata unga wa pakiti haufai kutegemewa peke yake. Vidonge vya B12 ndivyo kinga ya uhakika, na kipimo chake kiulizwe kwa mhudumu wa afya.

Protini na madini

Protini si tatizo kubwa iwapo nafaka na jamii ya kunde huliwa siku hiyo hiyo, kwani kilichopungua katika mahindi hupatikana katika maharage. Madini ya chuma yaliyo katika mimea hufyonzwa kwa shida. Chungwa, embe au nyanya pamoja na chakula husaidia, ilhali chai pamoja na mlo huzuia. Kuloweka maharage usiku kucha pia husaidia.

Kuhusu kalisi, sukuma wiki na ufuta hufaa kuliko mchicha, ambao una asidi inayozuia madini hayo kufyonzwa.

Msimu na bei

Sehemu za chini za Mwatate ni kame. Mvua za vuli za Oktoba hadi Disemba, au zile za masika za Machi hadi Mei, zinapokosa kunyesha, mboga huadimika na bei hupanda. Isitoshe, ndovu wanaotoka Tsavo huvamia mashamba na huweza kumaliza mazao ya msimu kwa usiku mmoja. Kukausha majani ya kunde wakati wa neema, na kuweka akiba ya maharage na mbaazi, ni kinga ya zamani ambayo vegani huihitaji kuliko jirani yake mwenye mbuzi.

Wanaopaswa kujihadhari

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wadogo, wazee na wenye upungufu wa damu wasianze mlo huu kabla ya kumwona mtaalamu wa lishe au daktari. Kwa mtu mzima mwenye afya, ni rahisi kuanza kwa kuondoa nyama, kisha mayai, na maziwa mwishoni. Lakini vidonge vya B12 visingoje mwisho huo: vianze pamoja na mlo wenyewe.