Uhakiki wa Mahudhurio: Istilahi Moja ya Kazi ya Utunzaji

Desemba 2016, Marekani ilipitisha sheria ijulikanayo kama Cures Act, na ndani yake kukawamo kifungu kinachoyataka majimbo yaweke mfumo ambao Kiingereza huufupisha kwa herufi EVV (electronic visit verification). Mfumo huo unawagusa wahudumu waendao majumbani kuwaogesha, kuwalisha na kuwavisha wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu, kwa malipo yatokayo Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini. Kwa utunzaji wa kawaida wa mwili majimbo yalipewa hadi 1 Januari 2020, na kwa huduma za afya za nyumbani hadi 1 Januari 2023. Jimbo linalochelewa hupunguziwa fedha za serikali kuu. Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi walioko huko wanaishi kwa kazi hii, na kila siku wanaufungua mfumo huo kwenye simu zao. Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni “uthibitishaji wa ziara kwa njia ya kielektroniki”. Naikataa, kwa sababu inaupa mfumo sifa usiyokuwa nayo.

Kasoro ya neno “ziara” ni ndogo katika hoja hii: rais hufanya ziara mkoani, wanafunzi hufanya ziara mbugani, lakini mhudumu yuko kazini. Tatizo kubwa ni “uthibitishaji”. Kilichothibitishwa kimeondolewa shaka, na mtoto wa mzee akisoma neno hilo ataamini kwamba mama yake ametunzwa. Sheria inadai mambo sita tu: aina ya huduma, aliyehudumiwa, aliyehudumu, tarehe, mahali, na saa ya kuanza na kumaliza. Tazama asubuhi moja ya kazi yenyewe. Mhudumu anabonyeza kitufe mlangoni, simu inanasa saa na mahali. Mzee mwenye maradhi ya kusahau hataki kuvuliwa nguo. Mhudumu anakaa naye, anamsemesha, anamlowesha mkono kwanza ili aone maji si ya moto, kisha bega, kisha mgongo. Katika kumbukumbu za mfumo, subira hiyo yote ni dakika tu, sawasawa na dakika za mtu aliyekaa sebuleni akitazama televisheni.

Ndiyo maana napendekeza “uhakiki wa mahudhurio kwa njia ya kielektroniki”. Mahudhurio tunayajua tangu daftari la darasani: yanaonyesha nani alifika, hayasemi nani alifundishwa vizuri. Na uhakiki, hasa kwa Watanzania, unakumbusha mwaka huohuo wa 2016, pale serikali ilipowahakiki watumishi wake ili kuwaondoa watumishi hewa. Mwangwi huo ni wa haki kabisa, maana mfumo wa Marekani nao ulizaliwa na hofu ya madai hewa, yaani malipo ya huduma ambazo hazikufanyika. Msikilizaji wa Kiswahili atatambua papo hapo kwamba aliyewekwa katika mizani ni mfanyakazi.

Wapo watakaosema wizi upo kweli, na mgonjwa asiyefikiwa ndiye anayeumia kwanza. Ni kweli, na sina ugomvi na kuhesabu mahudhurio. Lakini sheria hiyohiyo inataka mfumo uwe na usumbufu mdogo kabisa, wala hailazimishi kutumia GPS. Kumfuata mhudumu kila hatua ni uamuzi wa majimbo, kampuni na waajiri. Ripoti ya Alexandra Mateescu wa taasisi ya Data & Society, iliyotoka 2021, inaeleza jinsi programu hizi zilivyowaongezea wahudumu kazi ya kusahihisha makosa ya mashine, na jinsi watu wenye ulemavu walivyoanza kujihisi wamefungiwa nyumbani, kwa kuwa hata kutoka na mhudumu kwenda dukani kuliweza kuzua maswali. Wengine watasema kinyume, kwamba neno la haki ni “upelelezi”. Wanayo sababu pale ambapo simu inafuatilia mwendo wote, ila tukiuita mfumo mzima hivyo tutashindwa kutofautisha kile sheria inachodai na kile mwajiri alichojiongezea, na ni katika tofauti hiyo mfanyakazi anapopata nafasi ya kubishana.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kuutetea mfumo ni kwamba kumbukumbu humlinda mhudumu mwenyewe, zikamshuhudia pale anapopunjwa saa. Nakubali, kwa sharti kwamba aweze kuziona na kuzirekebisha. Mtandao ukikatika, au kitufe cha kutoka kikisahaulika huku mikono ikiwa kwenye shuka chafu, saa alizofanya kazi huonekana na kasoro, na malipo yake huweza kukwama hadi ofisi ipitishe marekebisho. Basi kwako unayefanya kazi hii: usiiachie simu peke yake. Andika katika daftari lako saa ya kuingia na ya kutoka, andika siku mashine ilipogoma, na uombe nakala ya kumbukumbu kabla ya siku ya mshahara. Nawe unayetafsiri fomu za wazee, waambie wazi kwamba kinachohakikiwa ni mahudhurio, ili wajue kuwa ubora wa utunzaji bado unahitaji mtu wa kuuliza.