Range Rover Siyo Gari Moja: Soma Mwaka na Injini Kabla Hujatoa Mkwanja

Watu wangu, leo tuachane kidogo na nani kaachana na nani. Tuongelee ndinga. Tena siyo ndinga ya kawaida, ni Range Rover, ile ambayo staa akiinunua anaiposti kabla hata hajajaza mafuta. Majina tunayaweka kapuni, ila mchezo mnaujua: posti ya kwanza ufunguo kwenye kiganja, posti ya pili watoto siti ya nyuma wanacheka, caption "Mungu ni mwema". Miezi inapita, staa anaonekana anashuka kwenye IST ya rafiki yake. Ukiuliza Range iko wapi, unaambiwa iko service. Service gani ya miezi minne?

Swali linalorudi kila siku ni hili: "Range ni gari zuri au pasua kichwa?" Mimi naona swali lenyewe ndiyo shida. Hakuna gari moja linaloitwa Range. Kwa zaidi ya miaka 50 hilo jina limebandikwa kwenye vizazi vitano vya gari, chini ya wenye mali watano tofauti, na injini za karibu kila ukoo. Ukiijua hii historia unaweza kusimama yadi, ukaangalia mwaka na injini, ukajua unanunua nini kabla dalali hajafungua mdomo.

Twende mwanzo kabisa. Juni 1970, Uingereza. Kampuni ya Rover tayari ilikuwa na Land Rover tangu 1948, ile ambayo babu zetu waliijua kama gari la polisi, la bwana shamba na la misheni. Gari gumu, lakini safari ndefu mgongo unalia. Injinia Spen King na wenzake wakataka gari litakaloingia shambani na pia liende mjini bila kutesa watu. Wakaliwekea springi za koili, four wheel inayofanya kazi muda wote, na injini ya V8 ya lita 3.5 ya aluminiamu, ambayo asili yake ni Marekani: Rover waliinunua kwa General Motors, ilikuwa injini ya Buick.

Sasa sikilizeni hii. Siti zilikuwa za plastiki. Sakafu ya mpira. Milango miwili tu, usukani hauna pawa. Wazo lilikuwa ukitoka porini na matope yako unaisafisha ndani kwa mpira wa maji kama unavyoosha kibaraza. Hiyo ndiyo Range Rover iliyozaliwa, na bei yake ilikuwa pauni 1,998. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa Louvre kule Paris kama mfano wa ubunifu wa viwandani, na siti zake za plastiki hivyo hivyo.

Mwishoni mwa 1971 Range mbili zikaanza safari kutoka Alaska kushuka hadi ncha ya Amerika Kusini. Katikati kuna Darién, msitu na vinamasi kati ya Panama na Kolombia, ambako hadi leo barabara haijapita. Kipande hicho peke yake kiliwala siku zipatazo 100, na difu zikavunjika humo humo. Wakaletewa difu nyingine, wakafunga, safari ikaendelea. Kumbukeni hilo. Gari lile liliharibika, tena vibaya, ila lilikuwa linatengenezeka kwa spana porini. Mwaka 1979 Range ikashinda mbio za kwanza za Paris–Dakar upande wa magari, na 1981 ikashinda tena.

Hapo ndipo sifa ya Range ilipojengwa. Shida ni kwamba sifa ilibaki pale pale, gari likahama.

Mwaka 1981 ikaja milango minne. Baadaye ngozi, mbao na gia za otomatiki. Mwaka 1987 ikaanza kuuzwa Marekani, na mteja wa huko hakuwa mkulima. Wakati huo wote kiwanda kilikuwa na matatizo yake: British Leyland, kampuni mama, ilikwama kifedha hadi serikali ya Uingereza ikaichukua 1975, na migomo ilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1988 ikauzwa kwa British Aerospace, watu wa ndege.

Halafu 1992 kikaja kitu ambacho ukimtajia fundi yeyote wa Range anacheka kwanza: springi za hewa. Badala ya chuma, gari linakalia mifuko ya raba iliyojazwa upepo. Kuna kompresa ya kuijaza, vali za kugawa na kompyuta ya kuamua. Ukikaa ndani unajisikia uko juu ya godoro, hilo hatubishi. Lakini raba inazeeka. Ikizeeka inavuja, ikivuja kompresa inafanya kazi bila kupumzika, mwisho nayo inaungua. Zile picha za Range imelala chini upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa chanzo chake mara nyingi ndiyo hicho. Kuna wanaong'oa mfumo wote na kufunga springi za chuma. Gari linatembea, ila ule ulaini uliolipia umeuacha gereji.

Sasa tufike kipindi ambacho magari yake bado yako mitaani kwetu.

Mwaka 1994 BMW wakainunua Rover. Mwaka huo huo kikatoka kizazi cha pili, P38, ambacho kompyuta moja ilisimamia karibu umeme wote, na kikapata jina baya kwa umeme huo huo. BMW wakaanza kutengeneza kizazi cha tatu, L322, kwa kutumia injini na umeme wao wenyewe. Kabla hakijatoka, mwaka 2000, wakaiuza Land Rover kwa Ford! Kwa hiyo L322 ilipozinduliwa mwishoni mwa 2001 ilikuwa gari la Kiingereza, lenye injini ya Kijerumani, linalomilikiwa na Wamarekani. Ford hawakutaka kununua injini za mshindani milele, kwa hiyo kuanzia matoleo ya 2006 wakaweka V8 za familia ya Jaguar, lita 4.4 na 4.2 ya supercharger. Kwa macho ni Range ile ile. Fungua boneti, ni gari lingine. Fundi aliyezoea ya 2003 na aliyezoea ya 2008 hawana uzoefu mmoja, hata kama wote wanakwambia "Range naijua".

Na hapa wengi wanapigwa: Range Rover Sport ya kwanza, ya 2005, haikuwa Range kubwa iliyopunguzwa. Chini yake ni ndugu wa Discovery 3, ambayo ilitoka 2004. Na zote mbili zikapewa dizeli ya V6, kwanza lita 2.7, baadaye 3.0. Hiyo dizeli ni tamu, inakula mafuta kistaarabu, lakini inajulikana kwa ugonjwa mmoja mbaya, krenki kukatika au beringi zake kuzunguka. Hakuna kupaka dawa hapo, ni injini nzima. Upande wa petroli, V8 ya lita 5.0 iliyoingia na matoleo ya 2010 inajulikana kwa cheni ya taiming kulegea kwenye zile za miaka ya mwanzo, na mabomba ya plastiki ya maji ya kupoozea kupasuka. Maji yakipungua bila kujua, injini inachemsha, na injini ya aluminiamu ikichemsha sana hesabu inabadilika.

Mwaka 2008 Ford wakaiuza Land Rover pamoja na Jaguar kwa Tata ya India, dola bilioni 2.3 kwa zote mbili. Mwaka 2012 ikatoka L405, mwili mzima wa aluminiamu, nyepesi kwa hadi kilo 420 kuliko iliyopita. Hii ndiyo iliyojaa kwenye video za muziki. Kizazi cha tano kilizinduliwa Oktoba 2021, tukiache, bei yake siyo ya kujadili hapa.

Nilishawasikia: "Basi si bora V8 ya Toyota?" Hapa Bongo mtu akisema V8 anamaanisha Land Cruiser, shangingi, wala hajali injini. Na historia inawapa haki. Land Cruiser ilianza 1951, jina ikapewa 1954, na tangu hapo mwenye mali ni yule yule. Series 200 ilitoka 2007 ikauzwa mpaka 2021. Miaka 14, gari lile lile likirekebishwa kidogo kidogo. Ndani ya miaka hiyo hiyo Range ilibadilisha mwenye mali, mwili na injini kadhaa. Uimara wa Toyota hauna uchawi, ni kurudia kitu kimoja mpaka makosa yaishe. Ndiyo maana walipobadilika nao waliteleza: Mei 2024 walirudisha gereji magari kama 100,000 Marekani, Tundra na Lexus LX, kwa sababu injini yao mpya ya V6 ya turbo ilikuwa na mabaki ya chuma ndani kutoka kiwandani. Toleo jipya la kwanza ni jipya la kwanza, awe Mwingereza awe Mjapani.

Turudi kwenye bei, maana ndiyo inayowaponza. Mwaka ule ule wa 1970 Range ilipotoka, mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Kwao gari bovu lililong'arishwa huitwa limau. Hoja yake: muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui, kwa hiyo mnunuzi anaogopa na kutoa bei ya chini kwa yote. Mwenye gari zima anaona anadhulumiwa, anaondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye malimau. Majarida kadhaa yaliikataa hiyo makala kabla haijachapishwa, na 2001 ikampa Nobel.

Sasa iangalie Range yenye miaka minane, imeshuka bei hadi inakaribia Prado ya umri ule ule. Unadhani umeokota dodo? Soko limekupa ujumbe. Na kitu ambacho dalali hatakwambia: gari limeshuka bei, spea hazijashuka nalo. Kompresa, mfuko wa hewa na gia boksi bado ni za gari lililokuwa linauzwa kwa bei ya nyumba. Ukitoa hela ya kiwanja yote kwenye kununua, huna gari la familia, una nusu ya gari, nusu nyingine iko dukani inakusubiri, na ada za shule nazo hazisubiri.

Kama bado unaitaka, na sikulaumu, ni gari la raha kweli, fanya uchunguzi wako kwa mpangilio wa historia yake. Anza na namba ya chasisi, herufi na tarakimu 17. Ya kwetu huanza na SAL. Angalia ya kumi, hiyo ni mwaka wa toleo: A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012, hivyo hivyo mpaka H ya 2017. Kadi inaweza kuonyesha mwaka ilipoandikishwa, chasisi inaonyesha toleo lenyewe. Kwenye V8 ya 5.0, tofauti ya herufi moja inaweza kuwa tofauti ya cheni.

Range nyingi zinatoka Uingereza kwa sababu usukani ni upande wetu. Kule gari likifika miaka 3 linapimwa kila mwaka, kipimo kinaitwa MOT, na serikali yao imeweka rekodi wazi mtandaoni, bure. Unaandika namba ya usajili ya kule, unaona maili kila mwaka, lilifeli lini na kwa nini. Maili zikirudi nyuma kati ya mwaka na mwaka, hapo hakuna mjadala. Muuzaji akikunyima namba ya zamani, jiulize anaficha nini. Iliyotoka Japani idai karatasi ya mnada. Ukiona gredi R ujue iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Na ya Uingereza iingie chini uikague, barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi na vyuma vya chini vinaliwa na kutu.

Dizeli ina mtego wake wa Dar. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Kazi yako ikiwa Mbezi–Posta kwenye foleni, joto hilo halifiki na chujio linaziba. Anayesafiri mkoani kila wiki hana shida hiyo.

Halafu omba gari lilale mahali palipo tambarare, mwende mapema na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya Land Rover, siyo kile kidude cha kuchomeka na simu. Angalia kwanza kimo: kona moja ikiwa imeshuka usiku, mfuko unavuja. Angalia maji ya kupoozea kabla ya kuwasha. Kisha washa injini ikiwa baridi na usikilize sekunde za kwanza, mlio wa cheni iliyolegea ni wa kugongagonga na unaweza kupotea injini ikipata moto. Kwa hiyo ukifika ukagusa boneti na lina joto, mtu kashaliwasha kabla yako. Mwambie utarudi kesho asubuhi.