Jibini ya Chupa na Jibini ya Kiriba: Historia Ndogo kutoka Darsait



Likizo ya Januari iliyopita wanne kati yetu tulikuwa Maskati, mtaa wa Darsait, nyumbani kwa jamaa za mwenzetu mmoja. Mjomba wake ana kigari cha kuuzia hotidogi. Kila jioni huwasha jiko la gesi, akapanga soseji za kuku na za ng'ombe, akapasua mikate, akangoja wateja. Mara hii alitaka kuongeza jibini, lakini hakujua achague ipi. Akatuambia: "Nyinyi ndio wasomi. Nichagulieni."

Tulidhani ni kazi ya dakika tano. Tukaenda dukani tukarudi na jibini ya kupaka iliyo katika chupa, jibini ya kopo, jibini ya vipande vya mraba, na kipande cha cheddar ya kawaida. Tukaziweka mezani mbele ya bibi wawili wa mwenzetu. Bibi mzaa baba, ambaye hakuwahi kutoka Oman, alikuwa amekuja kutembea kutoka bara, ng'ambo ya milima. Aliitazama chupa, akasema kwa Kiarabu kwamba hiyo si jibini. Akatuma mtoto amletee mfuko wake, akatoa bakuli la kami, jibini nyeupe ya kwao. Bibi mzaa baba akaimaliza hoja yake hapo. Bibi mzaa mama, aliyezaliwa Unguja, akaivuta chupa upande wake na kusema kwa Kiswahili: "Mimi nilipofika hapa, hii ndiyo iliyonipokea."

Pakawa kimya. Sisi wanne tuliona kwamba swali la mjomba si la kigari tu. Ni jibini gani iliyo ya asili, na nani mwenye haki ya kusema hivyo? Makala haya ni jaribio letu la kujibu.

Tuanze na kami, maana ndiyo kongwe. Katika Oman ya bara na kwa Mabedui, maziwa yaliachwa yakagande, kisha yakasukwa ndani ya kiriba cha ngozi ya mbuzi mpaka siagi ikajitenga. Siagi ilichemshwa ikawa samli. Maziwa yaliyobaki, laban, yalipashwa moto polepole hadi yakakatika. Yakachujwa kwa kitambaa, yakatiwa chumvi, na hiyo ndiyo kami. Huliwa na tende. Ni akili ya watu wasiotaka kupoteza hata tone katika nchi ya joto.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na maziwa ya mgando na samli, lakini haikuwa na desturi ya kutengeneza jibini. Jibini ya kuivishwa kwa miezi inahitaji ubaridi, na Unguja ni joto na unyevu mwaka mzima. Hata jina lenyewe tumelipokea: "jibini" limetoka katika neno la Kiarabu. Kwa hiyo, Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, na hata baada ya Oman na Zanzibar kutenganishwa mwaka 1861, watu, lugha na tende viliendelea kuvuka bahari, lakini jibini haikupata nyumba huko.

Jibini iliyoweza kukaa kwetu ilitoka mahali tusipotarajia. Mwaka 1911, katika mji wa Thun nchini Uswisi, Walter Gerber na Fritz Stettler waliyeyusha jibini ya Emmental pamoja na chumvi ya sitrati. Waswisi walikuwa na jibini nzuri sana, lakini iliharibika ikisafirishwa kwenda nchi za joto. Chumvi ile huishika kalisi iliyomo kwenye jibini, na protini ikilegea hupata nguvu ya kushika mafuta na maji pamoja. Matokeo yake ni jibini laini, isiyotoa mafuta ikipata moto, na inayokaa muda mrefu ikifungwa vizuri. Mwaka 1916 James L. Kraft alipata hataza ya njia yake huko Marekani, jibini yake ikatiwa kwenye makopo, na jeshi la Marekani likainunua kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1921 Mfaransa Léon Bel alisajili La Vache qui rit, ile ya pembetatu ndogo zilizofungwa kwa karatasi ya fedha.

Tuliposoma hayo tulishangaa. Tumezoea kuambiwa kwamba jibini ya chupa na ya kopo ni jibini ya bandia, ya watu wasiojua jibini. Kumbe ilibuniwa kwa kufikiria watu wa nchi zenye joto kama zetu. Haikuwa nakala mbaya ya jibini ya Ulaya. Ilikuwa jibini ya safari.

Na hotidogi yenyewe je? Nayo ni ya wasafiri. Soseji yake ililetwa Marekani na wahamiaji kutoka Ujerumani, na Nathan Handwerker, mhamiaji kutoka Poland, alifungua kibanda chake huko Coney Island mwaka uleule wa 1916, akauza kwa senti tano. Kwa hiyo mjomba anaposukuma kigari chake Darsait, anaendeleza kazi iliyoanzishwa na watu waliohama makwao.

Sasa turudi kwa bibi mzaa mama. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitoka Zanzibar, nyingine zikapitia bara la Afrika Mashariki, Misri au Uingereza. Sultan Qaboos alipotawala tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani walio nje warudi kujenga nchi. Oman ya wakati ule inasemekana ilikuwa na kilomita 10 tu za barabara ya lami. Waliorudi kutoka Zanzibar walikuwa na elimu, wakaajiriwa maofisini, mahospitalini na mashuleni. Lakini wengi wao Kiarabu kiliwapiga chenga, na wapo walioitwa "Wazinjibari" kwa sauti isiyokuwa ya kukaribisha. Bibi alitueleza kwamba miezi yake ya kwanza aliogopa kwenda sokoni peke yake, maana akifungua mdomo tu anajulikana.

Duka la karibu na kwake liliuza jibini ya chupa. Hakuhitaji kujua jina lake wala kuomba bei kwa maneno mengi. Alinyoosha kidole, akalipa. Asubuhi aliipaka kwenye mandazi aliyoyapika kwa mkono wa Unguja, na chupa ikiisha aliiosha ikawa gilasi ya chai. Bandari mpya ya Mutrah, Mina Qaboos, ilianza kazi mwaka 1974, na kutoka Darsait si mbali. Meli zilileta vyakula vya makopo na chupa ambavyo havikungoja friji. Mji ulikuwa unajengwa, na jibini iliyofaa mji huo ni ile inayoweza kungoja kwenye rafu.

Ukitembea Maskati leo utaiona kazi ya jibini hiyo kila kona. Vibanda vya chai hupaka jibini ya chupa kwenye porota, wakavunjia Chips Oman juu yake, wakakunja. Mkate mwembamba wa rakhal hupakwa jibini na yai. Ng'ambo ya bahari, pale Forodhani, wapishi wa "piza ya Zanzibar" hutia nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini ya pembetatu ndani ya unga uliotandazwa, wakakaanga. Miji miwili iliyotenganishwa mwaka 1861 ilifikia jibini ya aina moja, kwa sababu ileile: joto na barabara.

Baada ya masomo hayo tuliingia jikoni. Kwanza tulijaribu cheddar ya kawaida. Tuliikuna, tukaiyeyusha peke yake: mafuta yakajitenga, na chini ikabaki kama gundi. Jibini ya kopo iliyeyuka laini, maana chumvi za Thun zimo ndani yake tayari. Vipande vya mraba viliyeyuka juu ya soseji ya moto, lakini upepo wa jioni ukivipiga hukauka vikawa kama plastiki. Jibini ya chupa ilifaa sana ndani ya mkate, chini ya soseji, kwa sababu huzuia mchuzi usiulowanishe mkate. Kami haikuyeyuka hata kidogo. Jibini inayotokana na uchachu, kama paniri ya Wahindi, haiyeyuki. Ukiipasha moto hukauka tu.

Basi tuliafikiana hivi. Ndani ya mkate, jibini ya chupa kidogo. Juu ya soseji, mchuzi wa jibini: gramu 225 za cheddar iliyokunwa, kijiko kikubwa cha wanga wa mahindi, maziwa mazito ya kopo kiasi cha gramu 340, na pilipili. Wanga uchanganywe na jibini kabla ya kutiwa kwenye maziwa, moto uwe mdogo, na mkono usiache kukoroga. Sufuria ikae ndani ya sufuria nyingine ya maji ya moto, mchuzi usishuke chini ya nyuzi 60. Mwisho kabisa, kami iliyovunjwavunjwa, ikitoka kwenye boksi la barafu, pamoja na tone la ukwaju kama ule wa mishikaki.

Mjomba aliandika ubaoni "HOTIDOGI YA CHIZI". Mteja wa kwanza alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam. Alicheka mpaka akashika tumbo, akauliza kama ni hotidogi ya mwendawazimu. Mjomba akafuta, akaandika "JIBINI", na Mwarabu na Mswahili wote wakaelewa.

Bibi mzaa baba alionja, akatafuna polepole, akasema kami imepata kazi mpya. Bibi mzaa mama aliomba yake isitiwe kami. Hatukuwashinda, wala hatukutaka kuwashinda.

Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tulikuwa tukilisoma neno hilo kama onyo dhidi ya kila kigeni. Lakini kwa bibi aliyefika Darsait mikono mitupu, chupa ile ya dukani imekaa naye karibu miaka hamsini. Hiyo nayo imekuwa mbachao. Sisi tunaosoma Kiswahili darasani, tukiwa tumekipata nyumbani nusu nusu, mara nyingi huulizwa kama ni lugha yetu kweli. Tukirudi Darsait tutajibu kwa Kiswahili, kigarini, huku tukimkorogea mjomba mchuzi.