Kiti Kirefu, Breki Ileile

Mzigo mpya wa pikipiki ukishuka kwenye maduka ya Mbagala Rangi Tatu, Tandika au Tegeta, hauhitaji tangazo. Pikipiki zinapangwa mbele ya duka, viti vikiwa bado na nailoni, matangi yakimeremeta, na vijana wa kijiwe cha jirani wanasogea mmoja mmoja. Anayetazama kwa macho ya kazi haulizi sana kuhusu mwendo kasi. Anauliza: spea zake zipo Kariakoo? Lita moja inafika wapi? Ukipewa mkataba, hesabu kwa siku itakuwa shilingi ngapi? Swali la breki, kama litaulizwa, huwa la mwisho.

Mpangilio huo wa maswali haukuzuka jana. Umejengwa kwa karibu nusu karne, na ukitaka kuufuata utapita Arusha, Chongqing, Busia na Pune kabla hujarudi Mbagala.

Tuanze na Arusha, yaani Azimio la 1967. Kabla pikipiki haijawa kazi, ilikuwa dalili ya cheo. Jina lake tulilipata kwa sikio, kutokana na mlio wa injini, lakini waliousikia mlio huo walikuwa wengi kuliko waliouendesha. Fedha za kigeni zilikuwa chache na zilikuwa mikononi mwa serikali. Uagizaji wa magari ulipitia shirika la umma, State Motor Corporation. Pikipiki ilikuwa ya bwana shamba, ya padri, ya tarishi wa ofisi. Zanzibar walikuwa na Vespa zao. Mtu wa kawaida wa Temeke hakuwa na sababu ya kujua modeli gani imetoka mwaka huu, kwa kuwa hakuna aliyemletea achague.

Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, ukafunguka zaidi baada ya Ali Hassan Mwinyi kuingia Ikulu mwaka 1985. Hata hivyo, pikipiki haikuwa ya kwanza kupita. Walitangulia wenye vibasi. Daladala zilikuwa zimehalalishwa mwaka 1983 kwa sababu mabasi ya UDA yalikuwa yameshindwa kubeba watu, na kwa miaka zaidi ya ishirini ndizo zilizolibeba jiji.

Jiji lenyewe halikungoja. Sensa ya 1978 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao 843,000. Ya 2002 ilikuta karibu milioni 2.5, na ya 2012 ikakuta 4,364,541. Watu hao walijenga wapi? Tazama ramani. Jiji limetoka mjini kama vidole vinne: Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo sasa ni ya Nyerere, na ya Kilwa. Daladala zilikaa kwenye vidole. Watu wakajaza nafasi zilizo kati yake, na huko nyumba ilitangulia, barabara ikafuata, mara nyingine haikufuata kabisa. Kutoka kituoni hadi mlangoni palibaki kilomita mbili, tatu, tano za mchanga, makorongo na vichochoro. Gari la maana haliwezi kupita hapo kwa nauli ya mtu anayeshuka daladala. Soko la pikipiki lilikuwa tayari kabla pikipiki yenyewe haijafika.

Ilikuwa inatengenezwa mbali. Mwaka 1976 Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi wateja hawabadilishi oili kwa wakati, wanabeba mzigo kupita kiasi, na fundi aliye karibu hana vifaa vya kiwandani. Wakatengeneza injini rahisi, yenye vitu vichache vya kuharibika, ya kumvumilia mwenye nayo. Muundo huo ulisambaa duniani kuliko walivyotarajia. Viwanda vya China, hasa vya jiji la Chongqing, vilivyojifunza kazi kwa kushirikiana na Wajapani kuanzia miaka ya 1980, viliuchukua, vikaurahisisha zaidi na kuuzalisha kwa mamilioni. Kampuni kadhaa zilinunua vipuri kwa watengenezaji walewale, zikaunganisha, kila moja ikabandika jina lake.

Hivyo ndivyo miaka ya 2000 ilivyotuletea Toyo, Fekon, SanLG na wenzao. Nyingi zilikuja vipandevipande ndani ya maboksi, zikaunganishwa hapahapa. Majina kwenye tangi yalikuwa mengi, lakini injini zilikuwa ndugu. Fundi wa Yombo aliyeweza kufungua moja aliweza kufungua zote, na spea nyingi ziliingiliana. Bei ilishuka mpaka mahali ambapo mwalimu, nesi au mwenye duka la rejareja aliweza kununua pikipiki asiyokusudia kuiendesha yeye. Hapa pana jambo kubwa kuliko bei: kwa mara ya kwanza mnunuzi na mpandaji wakawa watu wawili tofauti.

Neno la kumwita huyo mpandaji lilitoka Busia. Kuanzia miaka ya 1960, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walibeba abiria na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka hadi kingine, wakinadi safari yao: boda, boda. Baiskeli ikageuka pikipiki, neno likabaki. Huku kwetu, Shinyanga na Tabora zilikuwa na baiskeli za abiria muda mrefu kabla Dar es Salaam haijazoea wazo hilo. Lilipofika jijini, lilikuta ule umbali kati ya kituo na mlango ukilisubiri. Sheria ilikuja nyuma. Kanuni za leseni za usafirishaji za pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010, chini ya SUMATRA, ambayo leo nafasi yake imeshikwa na LATRA. Mwaka 2014 bodaboda wakapigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kati ya Kimara na Kivukoni. Lakini Kimara mabasi yaliposimama, nyumba hazikusimama: kuna Bonyokwa, kuna Saranga, kuna Golani. Kila hatua ilimsukuma bodaboda pembezoni, na kila hatua ilimfanya ahitajike huko zaidi.

Kisha wakaja Wahindi na mkakati tofauti. Bajaj ya Pune ilianza kwa kutengeneza skuta kwa leseni ya Piaggio ya Italia, na jina lake tulikuwa tumeshaligeuza nomino ya kawaida, bajaji, kwa sababu ya magurudumu matatu. Boxer yake ilizaliwa katika ushirikiano na Kawasaki ya Japani. TVS nayo ilikuwa imefanya kazi na Suzuki hadi walipoachana mwaka 2001, na mwaka 2013 ikatoa HLX, modeli iliyolengwa Afrika. Pikipiki hizi zilikuwa ghali kuliko za Kichina, lakini zilikuja na mawakala, spea za uhakika na bei nzuri ya kuuza zikichakaa. Kwa mtu anayenunua kama mtaji, hayo ndiyo yanayohesabiwa. India yenyewe ilihamia kwenye modeli nyingine. Boxer ikabaki kuwa mali ya Afrika, na kwetu ikawa boksa.

Tangu hapo, modeli mpya imekuwa jambo la kusogeza mbele vitu vichache. Kiti kimekuwa kirefu zaidi. Keria ya nyuma imekuwa imara zaidi. Springi za nyuma zimeongezewa nguvu. Tangi limepewa stika mpya, na siku hizi baadhi zina mahali pa kuchajia simu, kwa kuwa simu nayo imekuwa kijiwe. Wanaotengeneza wanatusoma vizuri. Wanajua kwamba kiti kile, kisheria, ni cha abiria mmoja, na wanajua pia neno mshikaki.

Kwa nini basi kiti kirefuke na breki ibaki ileile? Jibu limo kwenye mkataba. Mwenye pikipiki anamkabidhi kijana chombo kwa makubaliano kwamba atalipa kiasi fulani kila siku kwa muda fulani, kisha chombo kitakuwa chake. Tuchukue mfano rahisi: hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku 400 ni shilingi milioni 4. Ndani ya siku hizo, mafuta ni ya dereva, oili ni ya dereva, pancha ni ya dereva, na siku ya mvua isiyo na abiria ni yake pia. Akikosa hesabu mara kadhaa, chombo kinachukuliwa na kupewa mwingine. Akimaliza, anakabidhiwa pikipiki iliyochoka, wakati dukani ameshashuka mrithi wake mwenye taa nzuri zaidi. Wengi wanaiuza ile ya zamani na kuingia mkataba wa mpya. Modeli inabadilika, na deni linaanza upya.

Si kwamba wenye pikipiki ni watu wabaya. Wengi ni wafanyakazi waliokopa kwenye SACCOS kwa ajili ya ada za watoto. Halmashauri nazo zimekopesha vikundi vya vijana pikipiki kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, na huko dereva alau hulipa akielekea kumiliki chake. Lakini mfumo kwa ujumla umeweka daftari mbele ya mwili. Tunapenda kusema bodaboda hawana akili, wanakimbia hovyo. Haraka yao mara nyingi ni ya daftari: saa mbili usiku, hesabu haijatimia, na abiria wawili wanakwenda njia moja.

Wanaolipia haraka hiyo tunajua wanakopelekwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imekuwa ikipokea majeruhi wa pikipiki kwa wingi miaka yote hii, na karibu kila mtaa wa Temeke au Kinondoni una kijana anayetembea na magongo ambaye jina lake la kijiweni bado linatajwa kwa wakati uliopo.

Sasa linganisha na India, kwenye viwanda vinavyotutengenezea. Kuanzia 2018 na 2019 sheria ya huko iliamuru kila pikipiki mpya yenye injini ya zaidi ya cc 125 iwe na ABS, mfumo unaozuia tairi lisijifunge dereva anapokamata breki ghafla, na ndogo zaidi ziwe na breki za mbele na nyuma zinazofanya kazi pamoja. Boksa na HLX nyingi zinazosimama vijiweni kwetu zina breki za ngoma, zile zinazobana kwa ndani, bila mfumo wowote kati ya hiyo miwili. Ujuzi upo na viwanda ni vya kampuni zilezile. Kilichokosekana upande wetu ni mtu wa kudai.

Kuna anayesema breki bora zitapandisha bei, na mwenye chombo ataisukuma bei hiyo kwa dereva. Ni kweli. Basi tupige hesabu kwa daftari lilelile: tuseme bei inapanda kwa shilingi 200,000. Kwa mkataba wa siku 400, hiyo ni shilingi 500 kwa siku. Breki hazitaondoa giza la barabara za Chanika wala kumvisha abiria kofia ngumu, na dereva asiye na leseni atabaki hana leseni. Lakini shilingi 500 ni kiasi ambacho taifa linaweza kukijadili, na hatujawahi kukijadili. India haikungoja wateja waulize dukani. Iliandika sheria, na maduka yakafuata. Sisi tuna LATRA na tuna Shirika la Viwango.

Jambo hili lina haraka yake, maana mzigo mwingine umeanza kushuka. Kigali imeamua kwamba kuanzia 2025 pikipiki mpya za biashara zinazosajiliwa ziwe za umeme. Huko kampuni kama Ampersand humuuzia dereva pikipiki huku betri ikibaki ya kampuni, naye hulipa kila anapobadilisha iliyokwisha. Dar es Salaam nako pikipiki za umeme zimeanza kuonekana. Hazina moshi wala kelele, na zitaokoa fedha za petroli. Ila betri isiyo yako ni hesabu nyingine, na hii haina siku ya 400.

Zikifika kwa wingi kwenye maduka ya Mbagala, vijana watasogea tena na kuuliza kuhusu spea, umbali na malipo. Ni maswali halali, wamefundishwa na miaka. Kabla nailoni haijavuliwa, mtu mwenye mamlaka ya kuandika kanuni aongeze mawili: inasimamaje, na siku ikigonga, nani analipa? Modeli zote tulizozipokea mpaka leo zilijibu maswali ya anayenunua. Anayepanda bado hajaulizwa.