Ufundishaji wa kusoma kwa silabi

Ufundishaji wa kusoma kwa silabi ni njia inayotumika sana katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi kumfunza mtoto kusoma Kiswahili. Mtoto huanza na irabu 5 (a, e, i, o, u), kisha huziunganisha na konsonanti: ba, be, bi, bo, bu. Kutoka hapo huunda maneno kama baba na meza, halafu sentensi fupi.

Njia hii inakifaa Kiswahili kwa sababu silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na maneno hutamkwa karibu kama yanavyoandikwa. Ugumu huja kwenye maneno kama ng'ombe, gharama na chungwa. Hapo hukwama mtoto aliyekariri bila kutambua sauti. Ataimba mstari mzima wa ba, be, bi, lakini akionyeshwa "bo" peke yake hunyamaza. Kwa hiyo mwalimu hodari huvuruga mpangilio wa silabi ubaoni, hutumia kadi, na humsikiliza kila mtoto akisoma peke yake, kazi nzito mno darasa likijaa.

Stadi ya kusoma imepewa uzito pia katika mipango ya serikali. Mwaka 2015 Tanzania ilielekeza mtaala wa darasa la I na II kwenye stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK). Mwaka huohuo Kenya ilianza mpango wa Tusome, wa kufundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza.

Kwa mtoto anayezungumza Kisukuma au Kimaasai nyumbani, silabi pekee hazitoshi. Anahitaji kwanza kuyasikia na kuyaelewa maneno anayotakiwa kuyasoma.