Akiba, si Ugavi

Pembezoni mwa Manispaa ya Shinyanga, kiwanja bado hupimwa kwa miguu. Mwenye shamba anaanzia kwenye mnyaa, anatembea hatua ishirini, anakata kona, anatembea ishirini nyingine. Mashahidi wanatia sahihi kwenye karatasi ya daftari, na jioni mnunuzi anashusha tripu ya kwanza ya mchanga. Afisa mipango miji akija na ramani baada ya miaka mitatu, barabara aliyoichora inapita sebuleni kwa mtu.

Wapangaji miji wana jina la kitu ambacho kingeliepusha hilo, na ukilitafsiri neno kwa neno unapata “ugavi wa ardhi ya makazi”. Ni ardhi iliyokwisha kutengwa kwa ajili ya nyumba, ndani ya mstari ambao mji umekubali kuufikia, inayotosha kaya zitakazoongezeka katika kipindi kinachojulikana. Jimbo la Oregon, Marekani, lilianza kuijengea miji yake utaratibu huu kwa sheria ya mwaka 1973. Mji wa Portland na vitongoji vyake ulipata mpaka wake mwaka 1979. Ndani ya mpaka panatakiwa kuwa na ardhi ya makazi ya kutosha miaka 20, hesabu hurudiwa kila baada ya miaka michache, na mpaka husogezwa ikibidi.

Neno “ugavi” linanikera. Ni neno la bohari: mbolea, dawa, vitabu vya shule. Kinachogawiwa kimekwisha kufika, na kikiisha kinaagizwa kingine. Ardhi haiagizwi. Kiini cha istilahi hii ni kutenga kabla ya haja, na Kiswahili kina neno la kitendo hicho: akiba. Kwa hiyo nasema akiba ya ardhi ya makazi.

Shinyanga hawahitaji kwenda Oregon kuielewa. Wasukuma wana ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikasimama bila kuguswa, kisha kinafunguliwa kiangazi kinapobana. Uhamishaji wa watu vijijini miaka ya 1970 uliwatenga wengi na ngitili zao, na nchi ikazidi kugeuka jangwa hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliposaidia kuzirudisha. Ngitili si ardhi iliyosahaulika, ingawa mgeni anaweza kuidhania pori. Ina mwenyewe, ina mipaka, ina siku ya kufunguliwa. Mji unaohifadhi akiba ya viwanja unafanya kazi hiyo hiyo, isipokuwa msimu wake wa kiangazi ni ongezeko la watu.

Na watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa jirani wa Geita na watu wapatao milioni 1.7, ya 2022 ikakuta karibu milioni 3. Hiyo ni kasi ya zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo idadi huongezeka maradufu ndani ya miaka 13 hivi. Mji ukikua hivyo, akiba ya miaka 20 ya Oregon haimaanishi kuongeza mitaa michache ukingoni. Ni kutenga ardhi ya karibu miji miwili mingine yenye ukubwa wa mji wa leo, ikiwa tutaendelea kujenga nyumba za chini kila mtu na ua wake. Wizara ya Ardhi ina kaulimbiu nzuri ya kupanga, kupima na kumilikisha, na mpangilio wa maneno hayo ndio hasa wenye maana. Huku kwetu mara nyingi tunaanza na kuuziana, tunajenga, kisha tunaomba urasimishaji, ambao ni kupanga kinyumenyume.

Kuhusu mstari wenyewe, wengine wangependa “ukomo wa ukuaji”. Mimi nabaki na “mpaka”. Mpaka una jirani, unajadiliwa, unasogezwa. Ukomo ni mahali unapogonga ukuta. Mji wa Geita unavyo vyote viwili. Mpaka wa mji huamuliwa kwenye vikao na mpango kabambe. Lakini upande mmoja mji unakutana na vigingi vya leseni ya mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000, ambavyo wakazi wanaviita bikoni, na karibu yake kuna msitu wa hifadhi. Leseni ya madini inahusu kilicho chini, hati inahusu kilicho juu, na nyumba ya mtu imesimama katikati. Mpangaji anaweza kuipaka ardhi hiyo rangi ya makazi, lakini haiwezi kuingia kwenye akiba, kwa sababu si yeye atakayeifungua. Ukomo huo haukuwekwa na mji.

Katoro na Buseresere, katika mkoa huohuo, ni kisa kingine. Kwa macho ni mji mmoja wenye soko linalochemka. Kwa makaratasi, upande mmoja ni Wilaya ya Geita, mwingine ni Chato. Hapo hata swali la nani ahesabu akiba halina jibu rahisi.

Mfano wa ngitili una mahali unapokatika, nami sitauficha. Anayeifunga ngitili ndiye atakayeilisha mifugo yake humo. Akiba ya mji hufungwa na ofisi, juu ya shamba la mpunga la mtu anayeambiwa asijenge, asigawe, asubiri upimaji. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati, lakini fidia hutanguliwa na tathmini, nayo tathmini hutanguliwa na bajeti. Mwenye shamba ana ada za shule za mwezi wa kwanza. Anampigia mnunuzi simu, wanakutana kwenye mnyaa, na anaanza kuhesabu hatua.