Mfahamu Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyelipia urafiki wa Tanzania na China

Ukiingia Hospitali ya Mnazi Mmoja, pembeni ya Mji Mkongwe, kukutana na daktari Mchina si habari kwa Mzanzibari. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu mwaka 1964. Uwanja wa Amaan nao ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa 1970.

Ila urafiki huu una upande ambao hauonekani kwa macho. Huo ulifanyika New York, ndani ya ukumbi wa Umoja wa Mataifa, na mtu wa Zanzibar ndiye aliyekuwa mbele.

Huyo ni Salim Ahmed Salim.

Alizaliwa Zanzibar Januari 23, 1942, akasoma katika skuli ambayo leo inaitwa Lumumba. Siasa aliianza mapema kwenye harakati za wanafunzi, na kabla ya uhuru alishafika Havana, Cuba, kuwakilisha chama chake.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 alipelekwa Cairo kuwa balozi. Alikuwa na miaka 22 tu! Umri ambao wengi wetu bado tunahangaika na vyeti vya chuo, yeye anakaa meza moja na watu wa serikali ya Gamal Abdel Nasser. Muungano ulipokuja Aprili mwaka huo, akaendelea kama balozi wa nchi mpya.

Kutoka Cairo akaenda New Delhi, 1965 hadi 1968. Huko alifanya kitu ambacho mabalozi wengi wangeona aibu: alikuwa balozi huku akisoma shahada katika chuo cha St. Stephen's.

Mwaka 1969 akapangiwa Beijing. Hakukaa sana, miezi michache tu. Kwa hiyo anayemtafuta Salim wa China ndani ya ubalozi wa Beijing atakuwa anatafuta pasipo. Kazi yenyewe ilikuja 1970, Mwalimu Nyerere alipomteua kuwa mwakilishi wa kudumu Umoja wa Mataifa.

Hebu tukumbuke hali ilivyokuwa. Kiti cha China pale kilikuwa bado kinakaliwa na serikali ya Taiwan. Beijing, yenye mamia ya mamilioni ya watu, ilikuwa nje. Marekani ilitaka ibaki hivyo, au angalau Taiwan isitolewe.

Tanzania ilikuwa upande wa pili. China ilikuwa imekubali kujenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa. Kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wao pale Ubungo kiliitwa Urafiki. Lakini isisemwe kwamba ilikuwa kulipa deni la reli tu. Nyerere aliamini kumweka nje mtu mkubwa kiasi kile ni dhuluma, na Salim aliamini hivyo hivyo.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha hoja ya kuirudishia Beijing kiti, na Salim akawa mmoja wa waliotafuta kura kwa bidii. Oktoba 25, 1971 kura zikapigwa: 76 zikaunga mkono, 35 zikapinga, nchi 17 hazikupiga upande wowote. Azimio namba 2758 likapita.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Magazeti ya Marekani yakaandika kuwa wajumbe wa Tanzania walicheza ngoma mle ndani. Ikulu ya Rais Nixon haikuficha hasira kuhusu furaha ile. Balozi wa Marekani aliyeshindwa usiku huo alikuwa George Bush, yule aliyekuja kuwa rais baadaye.

Simulizi ya ngoma ile haikumuacha Salim. Miaka kumi baadaye ikarudi.

Mwaka 1981 Salim, wakati huo waziri wa mambo ya nje na aliyekwisha kuwa rais wa Baraza Kuu, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mpinzani wake alikuwa Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka muhula wa tatu. Duru ya kwanza Salim alipata kura 11 kati ya 15 za Baraza la Usalama, Waldheim 10.

Kwa hesabu za kawaida alishashinda. Lakini Marekani ilimpigia veto, na iliendelea kumzuia. Wengi walisema ni kisasi cha 1971. Hilo lina uzito, ingawa Washington haikupenda pia misimamo yake kuhusu Palestina na ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Na China? Ilimpigia Waldheim veto mara 16, bila kuchoka. Ndicho ilichoweza kufanya: kumfungia mwingine mlango. Kumfungulia Salim haikuweza. Mwishoni wote wawili wakakaa pembeni, na Desemba kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Nyumbani mambo yaliendelea. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Aprili 1984, baada ya kifo cha Edward Sokoine, hadi Novemba 1985. Kisha akaiongoza OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kama katibu mkuu kuanzia 1989 hadi 2001. Hakuna aliyekaa kwenye kiti kile muda mrefu kama yeye, na akiwa hapo ndipo ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini.

Beijing haikusahau. Septemba 29, 2019, kuelekea miaka 70 ya Jamhuri ya Watu wa China, Rais Xi Jinping alitoa Medali ya Urafiki, heshima ya juu kabisa wanayopewa wageni. Walitunukiwa watu sita, akiwemo Raúl Castro wa Cuba na waziri mkuu wa zamani wa Ufaransa, Jean-Pierre Raffarin. Mwafrika kwenye orodha hiyo alikuwa mmoja tu, Salim.